Nakala ya Pili Kwanza, Kisanduku Baadaye

Familia nyingi za mjini siku hizi zina mali ambayo haiwekwi kabatini wala haitajwi kwenye mirathi: picha za harusi na za watoto, sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki, vyeti vilivyoskaniwa, nakala ya hati ya kiwanja, mahesabu ya duka, tasnifu ya kijana aliye chuoni. Mara nyingi yote hayo yamekaa kwenye simu moja na kompyuta moja. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala, au kompyuta ikimwagikiwa chai, hakuna duka linaloweza kuuza kilichopotea. Kwa muda mrefu watu walijituliza kwamba Google inatunza kila picha bure. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Tangu siku hiyo picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, ambazo ndizo hizohizo zinazobeba barua pepe na mafaili mengine ya mtu huyo. Nafasi ikijaa, wengi hufanya jambo la kusikitisha: hufuta picha za zamani ili za leo zipate pa kukaa.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kuwa na hifadhi ya nyumbani inayofikiwa kwa mtandao. Vifaa vya aina hiyo huuzwa kwa jina la NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, yenye nafasi ya diski moja, mbili, nne au zaidi, inayounganishwa kwenye ruta. Simu na kompyuta zote za nyumba hupeleka mafaili humo bila kuchomekwa waya, na kwa kuwa mafaili hayatoki nje ya nyumba, hata bando likiisha kazi inaendelea. Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni kipi cha bei nafuu kati ya vyote vilivyopo dukani. Hoja yangu ni kwamba bei iliyobandikwa kwenye boksi haitoshi kujibu swali hilo. Kifaa cha bei nafuu ni kile kinachokuachia fedha ya kununua nakala ya pili na kuiweka mahali pengine. Kinachomaliza fungu lote la familia ni ghali, hata kama kimepunguzwa bei kwa nusu.

Tuanze na ushahidi. Diski hufa, na vifo vyake vina takwimu. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza data za wateja wake kwenye diski zaidi ya laki mbili, imekuwa ikikusanya na kuchapisha rekodi za diski hizo tangu 2013. Mwaka 2023 asilimia 1.70 ya diski zake ziliharibika, na mwaka 2024 asilimia 1.57. Mtu anaweza kusema hiyo ni moja au mbili tu katika kila mia, jambo dogo. Lakini diski hizo zinakaa kwenye vyumba vyenye ubaridi uliopimwa, umeme usioyumba na mafundi wa zamu. Diski ya nyumbani inakaa juu ya kabati la televisheni, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, vumbi likiingia dirishani na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Zaidi ya hayo, familia haina diski mia, ina moja. Hiyo moja ikifa, kwao hasara si asilimia mbili, ni kila kitu. Ndiyo maana mpigapicha wa Kimarekani Peter Krogh, katika kitabu chake kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, aliieneza kanuni ambayo wataalamu wanaifuata hadi leo: nakala tatu za kila faili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Angalia kanuni hiyo inahesabu nini. Inahesabu nakala na mahali zilipo. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa kisanduku wala jina la kampuni iliyokitengeneza.

Wauzaji wana jibu lao kwa hofu ya diski kufa, nalo ni kisanduku chenye diski pacha. Unanunua diski mbili zinazolingana, kisanduku kinaandika kila faili kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, na moja ikiharibika nyingine inaendelea na kazi. Mpango huo unaitwa RAID, na asili yake inafaa kujulikana. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa andiko wakieleza jinsi diski nyingi ndogo za bei rahisi zinavyoweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya bei ya juu. Kwa kuwa diski zikiwa nyingi uwezekano wa mojawapo kufa unaongezeka, walipanga njia za kuifanya mitambo isisimame diski moja inapokwenda. Lengo lilikuwa kazi isikatike. Benki inauhitaji mpango huo sana, maana mteja hawezi kusubiri kaunta fundi abadilishe diski. Familia inayotunza picha inaweza kusubiri siku tatu bila madhara yoyote.

Tena diski pacha hazikingi kile ambacho hasa hupoteza data za nyumbani. Mtoto akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Umeme ukirudi na msukumo mkubwa, unapita kwenye kisanduku kimoja na kuzikuta zote mbili. Mwizi anabeba kisanduku kizima. Ni sawa na kutia funguo mbili za nyumba kwenye kishikizo kimoja: ufunguo mmoja ukivunjika mwingine unafungua, lakini kishikizo kikipotea unalala nje. Hata makampuni makubwa yamejifunza hilo kwa gharama. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la vituo vya data vya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa eneo lilelile.

Sasa tupige hesabu ya fedha. Kisanduku kidogo cha Synology chenye nafasi mbili, DS223j, kilipotoka mwaka 2023 kiliuzwa Marekani kwa takriban dola 190 bila diski hata moja. Kikifika kwetu kinaongezewa usafiri, ushuru na faida ya muuza duka. Mnunuzi analipia kisanduku, kisha diski mbili, na mwishowe ana kitu kimoja sebuleni. Kwa fedha pungufu ya hiyo angeweza kununua diski mbili za nje, zile mafundi wanazoziita eksitano, moja ikakaa kwake na nyingine kwa dada yake mji mwingine. Anayechagua hivyo hana kisanduku cha kuonyesha wageni, lakini nyumba yake ikiungua picha zake zipo. Sielewi kwa nini ushauri huu hautolewi kwanza dukani, isipokuwa kwa sababu faida ya muuzaji iko kwenye kisanduku.

Kuna hatari nyingine inayokuja na mtandao wenyewe. Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital walikuta mafaili yao yamefutwa na wadukuzi waliopenya kupitia intaneti, na kampuni ikawashauri wavichomoe mara moja. Vifaa hivyo vilikuwa vimeacha kupewa marekebisho ya usalama tangu 2015, lakini vilikuwa bado vinafanya kazi vizuri, na wenyewe hawakuwa na sababu ya kuvishuku. Aprili mwaka huohuo programu hasidi iliyoitwa Qlocker ilivamia visanduku vya QNAP na kuyafungia mafaili kwa nywila, ikidai kikombozi. Januari 2022 ikaja nyingine, DeadBolt, iliyodai bitikoini 0.03 kwa kila aliyevamiwa. Nyuma ya hapo, Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kutumia udhaifu uliokuwa kwenye njia ya zamani ya kompyuta za Windows kubadilishana mafaili mtandaoni. Mafunzo ni mawili. La kwanza, kifaa kinachoendelea kupewa marekebisho ya usalama kina thamani kuliko chenye nafasi kubwa zaidi, na ile huduma ya kufungua mafaili yako ukiwa mbali ibaki imezimwa mpaka ujue unachofanya. La pili ni zito zaidi: kirusi kinachoingia kwenye kompyuta yako kinaweza kufika popote ambapo kompyuta hiyo ina ruhusa ya kuandika, kisanduku cha mtandao kikiwemo. Mahali pekee ambapo hakifiki ni kwenye diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Je, basi hifadhi ya mtandao haina maana? Hapana, na pingamizi hili ndilo lenye nguvu kuliko yote: watu husahau. Diski ya kuchomeka kwa mkono inategemea mtu kukumbuka, na watu tuna shughuli. Mwezi wa kwanza anachomeka kila Jumapili, wa tatu anachomeka mara moja, wa sita diski imewekwa chini ya mafaili ya karatasi na haijaguswa. Kifaa kilicho mtandaoni muda wote hakisahau. Simu ikiingia kwenye mtandao wa nyumbani jioni, programu inapeleka picha za siku hiyo bila mtu kuinua kidole. Kompyuta za Apple zinafanya hivyo kwa Time Machine, za Windows zina utaratibu wao wa kuweka historia ya mafaili, na zipo programu za bure kama Syncthing. Nyumba yenye watu wanne na simu nne inahitaji kujiendesha huku kuliko inavyohitaji diski kubwa. Kwa hiyo nakubali: nakala ya kwanza ni vizuri iwe ya mtandao. Ninachokataa ni kwamba lazima iwe ya gharama, na kwamba ikishapatikana kazi imekwisha.

Njia ya bei ndogo kabisa ipo nyumbani kwa wengi tayari. Ruta nyingi zina tundu la USB nyuma, na ukichomeka diski hapo inaonekana kwenye kompyuta zote za nyumba. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole na marekebisho ya usalama yanayokuja kwa nadra. Njia ya pili ni kikompyuta cha Raspberry Pi, kinachotumia umeme kidogo sana lakini kinahitaji mtu mwenye subira na wakati. Njia ya tatu, ambayo kwa mazingira yetu naiona bora kuliko zote, ni laptopu kuukuu. Ile iliyovunjika kioo au iliyong'oka vitufe, ambayo hakuna atakayeinunua, bado ina kila kinachohitajika. Inawekwa mfumo wa Linux wa Debian na juu yake OpenMediaVault, programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, kisha inachomekwa diski ndogo ya nje inayopata umeme kupitia waya wake wa USB. Fundi anayejua kazi yake anaimaliza kwa mchana mmoja. Usiiache na Windows 10 iliyokuja nayo, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ubora wa laptopu uko kwenye betri yake. Diski inapokatikiwa umeme katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na wakati mwingine orodha nzima ya mafaili inavurugika kiasi kwamba diski inafunguka tupu. Kisanduku cha dukani hakina betri ndani; kinahitaji kununuliwa betri ya akiba ya UPS pembeni, gharama ambayo matangazo hayaitaji. Laptopu yenye betri iliyobakiwa na uhai wa nusu saa inamudu kukatika kwa umeme kwa muda mfupi, na umeme ukichelewa inajizima yenyewe kwa utaratibu. Sharti ni betri iwe salama: ikiwa imevimba, iondolewe mara moja, maana betri iliyovimba ni hatari ya moto. Na diski iwe ile ndogo isiyohitaji adapta ya ukutani, la sivyo laptopu itabaki hai huku diski yake ikizimika.

Umeme una hesabu nyingine, ya kila mwezi. Kisanduku kidogo chenye diski mbili kikiwa kazini kinakula wati 15 hivi. Kikiachwa hivyo usiku na mchana, ni karibu yuniti 11 kwa mwezi. Raspberry Pi na diski ndogo, wati 7, ni yuniti 5. Kompyuta ya mezani ya zamani, ambayo watu huiona ya bure kwa sababu imekaa tu stoo, inaweza kula wati 60 hata ikiwa haifanyi kitu: yuniti 43 kila mwezi. Anayenunua luku anajua yuniti 43 ni nini. Baada ya miaka mitatu au minne kompyuta hiyo ya bure imekula fedha ya kununua diski ya pili, na ndivyo kitu kisicholipiwa dukani kinavyoweza kuwa ghali kuliko vyote. Inafaa pia kuangalia mwendo wa tundu la waya la ruta na la kompyuta. La megabiti 100 kwa sekunde litachukua kama siku nzima kupitisha terabaiti moja. La gigabiti moja litamaliza kwa saa mbili na nusu au tatu. Kwa nakala ya kwanza, iliyo kubwa, tofauti hiyo inaonekana. Kwa picha za kila siku haijalishi.

Sehemu ambayo sipendekezi kubana fedha ni diski yenyewe. Masoko ya mtandaoni na meza za barabarani zimejaa flashi na diski zinazodaiwa kuwa na terabaiti 2, 8, hata 16, kwa bei ya mlo wa familia. Ukiifungua diski ya namna hiyo, mara nyingi unakuta kikadi kidogo cha kumbukumbu, kama kile cha simu, kimechomekwa kwenye saketi ya USB na kushikwa kwa gundi, na wakati mwingine kipande cha chuma kimetiwa ndani ili ionekane ina uzito wa diski ya kweli. Programu ya ndani imechezewa ili itangaze ukubwa wa uongo. Ubaya wake ni kwamba haigomi. Kikadi chenye gigabaiti 64 za kweli kinapokea gigabaiti 64 vizuri, kisha kinaendelea kupokea huku kikiandika juu ya yaliyotangulia au kikiyatupa kabisa. Majina ya mafaili yote yanaonekana, picha ndogondogo za mwanzo zinafunguka, na mwenye mali anaondoka ametulia, akifuta zilizokuwa kwenye simu. Dawa yake ni programu mbili za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, zinazojaza diski yote kwa data za majaribio kisha zinaisoma tena kuona kama kila kilichoandikwa kimerudi kama kilivyokuwa. Jaribio la diski kubwa linachukua saa nyingi. Lifanywe kabla ya picha ya kwanza kuingia, risiti ikiwa bado mkononi.

Hata majina makubwa si kinga ya kutosha. Aprili 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za aina ya Red, zilizouzwa mahususi kwa visanduku vya mtandao, zilikuwa zinaandika data kwa mistari inayolaliana kama mapaa ya vigae, mbinu ya SMR, na wanunuzi hawakuwa wameambiwa. Diski za namna hiyo zinafaa kwa nakala ya akiba inayoandikwa mara moja kwa wiki, lakini kwenye diski pacha zinaweza kuchukua muda mrefu mno kujazwa upya moja inapokufa, na hata kushindwa. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vikafichua diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa, nyingi zikihusishwa na mitambo ya sarafu ya kidijitali ya Chia nchini China, zilizokuwa zimerudishwa sokoni kama mpya baada ya saa zao za kazi kufutwa na kuanzishwa sifuri. Ukweli ulionekana kwenye kumbukumbu nyingine ya ndani ambayo walaghai hawakuigusa. Kwa hiyo diski ikifika nyumbani, isomwe afya yake kwa programu kama CrystalDiskInfo. Saa za kazi ziwe chache, na idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa, pamoja na zile zinazosubiri kuhamishwa, iwe sifuri. Namba hizo zikianza kupanda siku za mbele, usisubiri kusikia diski ikigongagonga.

Yupo atakayesema yote haya ni usumbufu, bora kulipia wingu kila mwezi. Wingu ni jema, na kwa mafaili machache yenye umuhimu mkubwa, kama vyeti, hati na mahesabu, gigabaiti 15 za bure zinatosha na zinakidhi sharti la nakala ya nje ya nyumba. Ugumu unaanzia kwenye wingi. Mwenye gigabaiti 500 za picha na video, akiwa na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, anahitaji zaidi ya siku 9 za kupakia bila kusita, na kama analipa kwa bando, gharama ya kupakia peke yake inaweza kuzidi bei ya diski. Malipo ya kila mwezi nayo hayana mwisho. Kadi ikigoma au kazi ikisita, muda wa hifadhi unahesabiwa kinyume. Na Mei 2024 tuliona nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini: Tanzania, Kenya na Uganda zikawa na intaneti ya kuburuta kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala kwenye diski kabatini hakuhitaji kusubiri meli ya mafundi. Sisemi wingu liachwe. Nasema kwa wengi wetu libebe vilivyo vidogo na vya lazima, na diski ibebe vilivyo vikubwa.

Pingamizi jingine ni la wale wasio na kompyuta wala ruta, ambao maisha yao yote yamo kwenye simu. Kwao hoja ni ileile kwa kipimo kidogo. Flashi ya kweli ya gigabaiti 64 yenye ncha ya kuingia kwenye simu, iliyojaribiwa kabla, inabeba maelfu ya picha. Ziwe mbili, na moja ikae kwa mtu mwingine. Hapa kuchagua kunasaidia kuliko ukubwa wa nafasi: video za kuchekesha zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp hazihitaji kutunzwa, na ukiziondoa utashangaa mali yako halisi ilivyo ndogo. Ila flashi isiachwe droo miaka mingi bila kuchomekwa, kwa sababu inatunza data kwa chaji ya umeme inayopungua polepole. Diski ya kuzunguka inavumilia zaidi.

Kuhusu hiyo nakala inayokaa kwa ndugu, wengi husita kwa sababu ya siri: nani anataka shemeji afungue mikataba yake? Jibu lipo na ni la bure. Diski ifungwe kwa nywila kwa programu ya VeraCrypt, au BitLocker kwa wenye Windows inayoiruhusu, na atakayeichomeka bila nywila ataona takataka tu. Lakini nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa mtu mmoja unayemwamini ambaye si yule mwenye diski, kwa kuwa mwenye nywila akifariki, familia inabaki na diski nzima isiyofunguka. Vilevile diski ya kubeba iwekwe mpangilio unaosomeka na kompyuta yoyote, kama exFAT. Visanduku vingi vya mtandao vinapanga diski zao kwa mfumo wa Linux, na siku kisanduku kinapokufa, diski iliyo nzima ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows itaonekana kama tupu, na Windows itauliza kama unataka kuiformati. Watu wamebonyeza ndiyo na kupoteza kilichokuwa kimesalimika.

Kinachobaki ni jambo ambalo hata walioifuata kanuni ya nakala tatu hulisahau. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata ya kazi, na kampuni ilipogeukia nakala zake ilikuta kwamba katika njia tano ilizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Iliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Kama kampuni ya wataalamu ilikuwa inaamini nakala ambazo hazikuwepo, nyumba ya kawaida haina budi kujaribu zake. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa una diski ya akiba tayari, Jumamosi hii usisome tena bei za visanduku. Chukua diski hiyo uipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, fungua folda moja ya miaka mitano iliyopita, tazama picha kumi kwa ukubwa wake kamili na ucheze video moja hadi mwisho. Zikifunguka zote, andika tarehe kwenye karatasi uibandike juu ya diski, kisha fedha uliyokuwa umeitenga kwa kisanduku inunulie diski ya pili.